Bibi wa Buluu wa Ukurasa wa Nne

Jumatatu, 3 Machi

Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo! Mama Mhariri, bosi wetu wa vitabu vya watoto, kapiga simu nikiwa bado na mswaki mdomoni. Kuna kitabu cha picha, cha bibi na kuku wake. Nipange kurasa, ninyooshe picha, nikabidhi Ijumaa saa sita mchana. Nikifanya vizuri, mfululizo mzima wa vitabu ni wangu. Kazi ya mwaka mzima! Nikiharibu, unakwenda kwa Kipanga.

Kipanga ni mpangaji kurasa mwenzangu. Tunamwita hivyo kwa sababu hakuna nukta inayompita. Ana skrini ya inchi ishirini na nne, na huwezi kunywa naye chai bila kuisikia ikitajwa. Mimi natumia laptopu peke yake. Nikifungua ukurasa mzima, herufi zinakuwa sisimizi. Nikikuza herufi, bibi anabaki kidevu.

Nikamweleza Mama Watoto kwamba bila skrini ya nje sina changu. Tuna akiba moja tu, ya godoro. Godoro letu lina bonde katikati. Tunakutana humo hata siku tulizonuniana. Yeye ni muuguzi, anasimama kutwa wodini, mgongo unamsumbua. Nikasema skrini kwanza, malipo ya kitabu yakiingia tutanunua godoro la kifalme. Kanitazama weee. Akasema sawa, ila nimuulize kaka yake kwanza.

Kaka yake! Shemeji ni fundi wa simu na kompyuta. Mdogo kwangu kwa umri, mkubwa kwangu kwa maneno.

Jumanne, 4 Machi

Shemeji kaja kabla sijamwita. Kaniuliza kazi yangu ni maandishi au picha. Nikamwambia picha. Akasema basi nisikimbilie ukubwa, nitafute rangi; skrini ndogo inayosema kweli inaishinda kubwa inayodanganya. Kisha akashusha kikombe na kunipa wosia.

"Shemeji, beba laptopu yako mpaka dukani. Ichomeke, fungua kazi yako mwenyewe, uitazame. Ndipo utoe hela."

Nikamshukuru kwa adabu zote. Moyoni nacheka. Ukiingia dukani umekumbatia laptopu, muuzaji anajua una shida, bei inapaa. Mimi nina mbinu zangu.

Nikavaa miwani ya jua, nikaenda duka la vitu vilivyotumika. Mikono mfukoni. Nikajifanya natafuta feni. Nikauliza bei za feni, nikazidharau feni, nikapiga miayo. Halafu, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, nikauliza na ile pale je, inafanya kazi?

Ile pale ilikuwa skrini ya inchi thelathini na mbili! Inaonyesha kasuku. Jamani, kasuku! Kijani cha majani mabichi, manjano ya ndizi mbivu, unyoya mmoja mmoja unauhesabu. Mwenye macho haambiwi tazama. Muuzaji kasema vitufe vya pembeni vimechoka kidogo, ndiyo maana bei imelegea. Vitufe nivifanyie nini? Sinunui kinanda. Nikataja nusu ya bei. Kakubali palepale. Nadhani miwani ilimtisha.

Nimelazimika kununua na feni, mbinu isije ikagundulika.

Jumatano, 5 Machi

Tundu la skrini na tundu la laptopu hayafahamiani. Nimerudi dukani kutafuta adapta. Siyo yenyewe. Nimerudi tena. Ya pili imekubali. Punguzo lote limeliwa na adapta na feni, lakini hesabu za namna hiyo ni za watu wenye roho ndogo.

Skrini imejaa meza nzima. Ikabidi nifunge laptopu na kuiweka chini ya skrini kama kigoda, nikachomeka kibodi ya zamani. Herufi zina ukungu kidogo pembeni. Nimezizoea, ni herufi zenye afya.

Nikampigia Kipanga kumuuliza habari za nyumbani. Katika kuulizana nikapitisha inchi thelathini na mbili, nikapitisha na kasuku. Halafu akauliza rangi nyingine zikoje. Wivu huo!

Nikafungua kitabu. Masikini mchoraji wetu! Watu wote wana manjano. Bibi wa ukurasa wa nne, anayetupia kuku punje, uso kama wa mtu mwenye ini bovu. Mawingu rangi ya chai ya maziwa. Mayai kama yamekaangwa yakiwa bado ndani ya kuku. Na Mama Mhariri hakuona! Angeonaje, hana inchi thelathini na mbili.

Mama Watoto yuko zamu, nyumba imetulia, nikajitupa kazini. Nikaongeza buluu ukurasa kwa ukurasa, mpaka mawingu yakawa meupe na bibi akapona kabisa. Nikahifadhi juu ya picha zilezile. Uchafu unatunzwa wa nini? Nikatuma leo leo, kabla ya siku yake, pamoja na ujumbe wa heshima kwamba mchoraji apelekwe akapimwe macho. Kipanga hajawahi kuwahisha kazi tangu azaliwe.

Nimekaa mbele ya feni kama waziri.

Alhamisi, 6 Machi

Mama Mhariri kapiga simu. Hakusalimu. Mwanamke anayesalimia mpaka paka wa ofisini!

"Ndugu yangu, kwa nini bibi wa ukurasa wa nne ni wa buluu?"

Nikacheka. Nikamweleza taratibu kwamba skrini yake ndogo inamdanganya. Akasema ametazama kwenye kompyuta yake, ametazama kwenye simu, na amechapa kwenye karatasi. Karatasi nayo buluu. Akasema kesho saa sita iko palepale, na Kipanga ameshaulizwa kama ana nafasi. Anayo. Kipanga siku zote anayo.

Nikaivuta laptopu chini ya skrini, nikaifungua. Yarabi! Bibi ni wa buluu. Kuku zambarau. Wajukuu wamechovywa kwenye wino. Mama Watoto katoka zamu, kachungulia begani kwangu, akasema kwa sauti ileile ya wodini kwamba huyu bibi hana oksijeni, alazwe haraka. Akacheka mpaka akashika mgongo. Alipoushika mgongo, akaacha kucheka.

Akaniuliza polepole, na godoro je?

Nimepatikana, na nimemponza na yeye. Hilo ndilo lililoniuma. Nikawasha feni ili nipate la kufanya.

Shemeji kaja na begi la zana. Kabonyeza vitufe, havina uhai. Akasema skrini hii buluu yake imekwisha. Kitu cheupe kitaonekana cha manjano, ila chenye kijani na manjano kitapendeza mno, na ndiyo maana muuzaji hakuweka picha ya bata mweupe, kaweka kasuku. Nikapiga simu dukani. Muuzaji kasema bidhaa ikishatoka hairudi, akauliza kama feni inapepea vizuri. Inapepea vizuri sana.

Mama Watoto akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamkumbusha kwamba Shemeji si mkuu, nimemzidi umri. Hakuna aliyecheka.

Shemeji anayo skrini yake ya kazini. Ndogo, mgongo umekwaruzika, lakini rangi zake za kweli. Ataniazima hadi kesho, kwa sharti moja: niseme mbele ya dada yake kwamba yeye alikuwa sahihi. Nikamwomba tuelewane kwa njia nyingine. Kakataa. Nikaomba nimtumie kwa ujumbe wa simu. Kakataa. Mama Watoto alikuwa ameinama anavua viatu vya zamu, mkono mmoja kiunoni. Nikamtazama, nikamgeukia kaka yake.

"Shemeji, ulisema kweli. Sikukusikiliza."

Akaweka mkono sikioni, ati mlio wa feni umemziba, nirudie. Nikarudia! Nikazima na feni nikarudia!

Ijumaa, 7 Machi

Mama Mhariri alinitumia picha za mwanzo. Kwenye skrini ya Shemeji kila mtu ni mzima wa afya. Bibi hana ini bovu wala nini. Mchoraji yuko salama, nimemwomba radhi kwa ujumbe mrefu, kanijibu kwa neno moja ambalo sitaliandika hapa.

Nikapanga kurasa bila kugusa rangi hata moja. Mikono inawasha, lakini sikugusa. Bibi kwenye kurasa mbili kwa pamoja, maneno yakikaa mahali pake, kuku wakitembea kutoka ukurasa huu kwenda ule. Nimetuma mapema, adhana haijalia. Kisha nikakaa kitandani, bondeni, nikisikiliza simu. Mama Watoto kakaa pembeni yangu. Kanishika goti.

Simu ikalia. Mama Mhariri kanisalimu mimi, kamsalimu Mama Watoto, kauliza na watoto. Hapo nikajua tumepona. Mfululizo ni wangu! Mama Watoto kapiga kigelegele, jirani kagonga ukuta. Mama Mhariri akaongeza kwamba ule ukurasa wa buluu alioubandika mlangoni mwa ofisi hautabanduliwa, maana kila anayeingia anaingia anacheka.

Kipanga kanitumia pongezi. Chini yake kaweka picha ya kasuku.

Jumamosi, 29 Machi

Malipo yameingia! Shemeji nimeshamrudishia skrini yake, na yeye mwenyewe kanitafutia nyingine kama ileile. Ni ndogo kuliko ya Kipanga. Nimeacha kutaja inchi mbele za watu. Ile kubwa iko sebuleni, inaonyesha kasuku mchana kutwa. Wageni wanaisifu.

Sasa godoro. Mama Watoto kasema tungoje siku yake ya mapumziko, twende wote, tulilalie palepale dukani, yeye na mgongo wake na mimi na kukoroma kwangu. Shemeji kadakia kwamba godoro halinunuliwi kwa macho. Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Siku hizi mimi ni mtu wa kusikia.

Lakini hebu fikiria. Mwanamke anaingia dukani ameshika mgongo. Muuzaji si anajua palepale kwamba una shida? Bei si inapaa?

Nimetoka asubuhi yeye akiwa zamu. Miwani ya jua. Nikajifanya natafuta mito. Nikaidharau mito, nikapiga miayo, nikauliza na lile pale je. Lina upana wa ajabu! Muuzaji kasema limefungwa nailoni ya kiwandani, ukilalia dukani nailoni inachanika na dhamana inakufa. Ila ana picha. Katoa picha ya mwanamke amelala juu yake, anatabasamu mpaka ufizi. Usingizi wa namna ile hauigizwi. Nikataja nusu ya bei, kakubali palepale.

Nimelazimika kununua na mto.

Liko chumbani sasa hivi, linameta. La zamani nimeshalitoa, kalichukua mzoa taka. Nimelibonyeza kidogo kwa kidole juu ya nailoni. Kidole kimeuma. Huo ndio uimara!

Mama Watoto anatoka zamu saa kumi. Nimemwalika na Shemeji, aje ajifunze namna mtu anavyonunua.