Kilele Kuhamishiwa Banda la Kuku

Mwangalizi wa Kilele,
Nyumba ya kwanza chini ya nguzo,
Kilimani.

Ndugu Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani,

YAHUSU: KILELE CHETU KUPELEKWA BANDANI KWA SHEMEJI

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wote wa ofisini kwako. Sisi huku ni wazima wa mwili, ila moyo ndio umechafuka, na aliyeuchafua ni ndege yenu.

Kiangazi kilichopita ndege hiyo ilizunguka juu ya kilima chetu, ikienda na kurudi kama mtu aliyeangusha funguo, ikimwaga miale ya leza ili ijue kila kipande cha ardhi kiko juu kiasi gani. Sisi tukaipungia mikono. Laiti tungejua! Mwezi huu akaja mpima ardhi wenu, kijana mwenye adabu, sina ugomvi naye. Akasimamisha mtambo wake wa miguu mitatu, akachungulia, akakuna kichwa, akatangaza kwamba nguzo ya saruji aliyoijenga marehemu baba yangu haiko kileleni. Kilele cha kweli, anasema, kiko hatua hamsini na mbili upande wa mashariki, juu zaidi kwa sentimita arobaini na tatu, ndani ya banda la kuku la shemeji yangu, mke wa mdogo wangu. Kabla ya mwezi kwisha nguzo yetu itavunjwa na mpya itajengwa huko. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Baba hakuwa mtu wa kukadiria. Alikuwa fundi mwashi, watu walimwita Fundi Timazi, kwa ile kamba yake ya kunyooshea kuta, na hata meza ya chakula aliiwekea pimamaji kabla hajaketi kula. Nguzo ile aliijenga mwaka niliozaliwa mimi, na tangu alipofariki naipaka chokaa kila mwaka kwa mikono yangu. Mtu wa namna hiyo akosee kilele kwa hatua hamsini na mbili? Haiwezekani hata kidogo.

2. Nina shaka na banda lenyewe. Shemeji anafuga kuku pale mwaka wa kumi na tisa huu, na kusafisha banda si kipaji chake (nasema ukweli kwa sababu nampenda). Je, leza yenu ilipima ardhi au ilipima samadi? Nilimuuliza mpima ardhi, akajibu kwa upole kwamba yeye mwenyewe alichimba hadi akagonga mwamba. Sikuridhika. Samadi ya miaka kumi na tisa nayo ukiigonga inalia.

3. Kuna suala la daftari. Tangu niwe mwangalizi, watu elfu nne mia mbili na sita wameandika majina yao katika daftari pale kwenye nguzo kwamba wamefika kileleni. Yumo mwalimu mkuu aliyepanda na mguu uliovunjika, wenye plasta. Yumo kinyozi aliyemposa mkewe hapo hapo, akiapa mbele ya kilele. Nani atawaandikia wote hao kwamba hawakufika? Kinyozi amekwisha kuja kuniuliza kama ndoa bado ipo. Nimemwambia asubiri majibu yako, na mkewe naye amesema anayasubiri kwa hamu.

4. Heshima ya nyumba yetu imekwenda na maji. Mdogo wangu, ambaye nilimbeba mgongoni, sasa akiniona ananipungia kutoka bandani na kuniambia karibu juu, kaka. Shemeji ametundika kibao kilichoandikwa KILELE, PIGA HODI. Wageni wanapita kwenye nguzo bila hata kusimama, wanakwenda kupiga picha na jogoo. Jogoo mwenyewe kabadilika jamani, mtu akipita hasogei tena! Naumia, Ndugu Mkurugenzi. Sina namna nyingine ya kulisema hilo.

Kwa hiyo naomba ndege irudi, safari hii iende polepole. Ikishindikana, tumeni watu wenye sururu wakwangue banda sentimita arobaini na tatu, na moja zaidi kwa usalama. Hilo nalo likishindikana, kilima kiinuliwe kidogo upande wetu. Sijui mitambo yenu ina uwezo gani, lakini mtu anayeweza kupima kwa mwanga hawezi kushindwa na kazi ndogo ya kuinua. Wakati nasubiri, nimeweka kiti changu mbele ya nguzo, na atakayekuja na nyundo atanikuta nimekikalia.

Nisalimie rubani, mwambie sina kinyongo, au ninacho kidogo tu. Wasalimie wachora ramani, katibu muhtasi wako, mlinzi wa getini na yule mpima ardhi. Mwambie alisahau kofia yake bandani na tetea mmoja anaatamia ndani yake.

Wako kwa heshima zote, nikiwa bado kitini,

Mwangalizi wa Kilele (hadi utakapojibu)

Nyongeza: Kabla ya kuifunga barua nilimsomea Mama, ninayekaa naye, anisaidie kuitia makali. Alicheka mpaka nikamletea maji. Anasema yeye hufuata yai bandani kila asubuhi, na magoti yake yamejua miaka yote kwamba huko ndiko juu: akienda yanalalamika, akirudi yananyamaza. Nikamuuliza, na Baba je, na pimamaji yake? Ndipo aliponieleza. Enzi hizo walikuwa bado wanakaa bondeni, na siku ya kujenga nguzo Baba alikuwa amelenga pale pale palipo banda. Mama alipanda naye akiwa na mimba yangu ya miezi minane, nami, anasema, nilikuwa mzito tangu zamani. Alipofika hapa ilipo nguzo aliketi chini, akasema haongezi hata hatua moja. Baba akamtazama, akatazama kule juu, akautua mfuko wa saruji, akasema basi, kilele ni hapa.

Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi, futa namba moja hadi nne. Leza yenu iko sahihi. Jengeni nguzo mpya bandani, nitaipaka chokaa mimi mwenyewe, na shemeji nitamwomba radhi kwa habari ya samadi. Hii ya zamani tu ndiyo naomba msiiguse. Mama anauliza kama ile ndege iliona pia mahali alipoketi. Nimemwambia haikuwa na haja, pana nguzo.