Jinsi Marcellin Alivyoufunua Unyayo wa Wamaza

Zimeni redio, enyi watu wa Kasongo, nanyi wa Nyangwe vuteni mitumbwi yenu ukingoni, msikie habari za Marcellin mwana wa Muzaliwa, mpanda pikipiki, mshinda matope, ambaye ulimi wake hutangulia akili yake. Huyo aliapa mbele ya madereva wenzake kwamba huko Wamaza, kwa wakwe zake, kuna mwamba uliokanyagwa na dinosauri zamani ungali tope. Aristote, jemadari wa wenye dhihaka, akajibu kwamba asipouona unyayo huo kwa macho yake, Marcellin ataitwa Muongo mpaka kaburini. Basi wakapanda pikipiki moja wakaenda.

Wakafika mwambani, wala unyayo hauonekani. Shimo lake lilikuwa limejaa muhogo wa Mama Honorine, mama mkwe wa shujaa, uliolowekwa tangu juzi, umefunikwa majani ya mgomba na kugandamizwa kwa mawe, na harufu yake ikawatokea kwa vita. Aristote akatabasamu. Marcellin akaogopa kwelikweli, maana ni mkwe gani aguse muhogo wa mama mkwe bila ruhusa, na ni yupi athubutu kumwomba uso kwa uso?

Akamtuma mkewe Yvette, mjumbe wa falme mbili. Mama Honorine akaja, akasimama mbali, akawapa mgongo kama adabu itakavyo, akanena na binti yake:

"Umuambie bwana yako atoe. Lakini atarudisha yote vile alikuta, na maji isimwangike."

Ndipo Marcellin akakunja mikono ya shati lake jema, akapiga magoti, akautoa muhogo mmoja mmoja, akayateka maji kwa kikombe hata beseni likajaa, machozi yakimtoka kwa harufu wala asirudi nyuma. Chini kabisa vikatokea vidole vitatu, kila kimoja kinene kama paja la mtu mzima. Aristote akatazama kitambo kirefu, akavua kofia.

"Iko kweli, ndugu," akasema. "Nimeona."

Marcellin akarudisha muhogo, maji, majani na mawe, kila kitu mahali pake. Mama Honorine akaletewa habari na Yvette, akafikiri, akasema:

"Umuambie ile nyama ya vidole tatu ilitembea. Nyayo iko zingine mbili pale juu, na muhogo yake imeiva tangu jana."

Marcellin akaelewa kazi aliyopewa, akapanda juu, akautoa muhogo wote wa nyayo hizo mbili. Basi na ikumbukwe vizazi na vizazi: mnyama aliyeishinda nyumba kwa ukubwa alipita Wamaza, na Marcellin akamfuata hatua kwa hatua na beseni mkononi. Kasongo nzima hakuna amwitaye Muongo, ingawa juma lile lote hakuna abiria aliyekubali kuketi nyuma yake.