Mate ya Ukoo wa Mwenye Vyuma

Pamba alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, nusu ya kidevu imejaa povu, riziki ilipomwingia sikioni. Kwenye kiti cha pili alikaa mwenye duka kubwa la vyuma na saruji, mtu wa tumbo la heshima, naye alikuwa akifoka mpaka kinyozi akasitisha wembe.

"Mbele ya harusi nzima! Yule tajiri wa malori anashika kipaza sauti, anasema jina la ukoo wetu ni la kwao, eti babu yangu alikuwa mchunga punda wao akajibandika jina la bwana wake!"

"Pole, mzee," kinyozi alisema. "Sasa utathibitishaje?"

Mwenye Vyuma aligonga mkono wa kiti. Jibu alikuwa nalo Pamba. Maishani mwake alishauza miwani ya vioo vya madirisha, dawa ya kuotesha nywele na viwanja vilivyolala chini ya maji, lakini mababu alikuwa hajawahi kuwauza. Akaona hapa pana bidhaa isiyooza na isiyohitaji hata ghala.

Kesho yake aliingia dukani na koti jeupe, mkoba wa ngozi na pakiti ya vijiti vya pamba vya kusafishia masikio.

"Ni DNA, mzee wangu," alisema kwa sauti ya mtu anayewaonea huruma wasiosoma. "Kuna kitu kinaitwa kromosomu Y. Baba humpa mwanawe wa kiume, naye humpa wake, vizazi na vizazi, karibu bila kubadilika. Jina mtu anaweza kuiba. Hii haiibiki."

Hayo yalikuwa kweli tupu. Pamba alipenda kutanguliza ukweli kidogo. Ulimsaidia mteja kumeza yanayofuata.

"Na wanawake je?" sauti iliuliza nyuma ya kaunta.

Alikuwa Shangazi, dada wa marehemu baba yake Mwenye Vyuma. Alipiga chapa mahakamani miaka thelathini, na sasa, akiwa amestaafu, aliandika risiti za duka hilo bila mshahara.

"Wanawake hawana hiyo, mama. Ukoo hupita kwa wanaume."

"Hilo nimeambiwa tangu nina meno ya utoto," Shangazi alisema, akarudi kwenye risiti zake.

Jumapili wanaume kumi na mmoja wa ukoo walijipanga kati ya mabati na mifuko ya saruji, midomo wazi ili wasuguliwe mate kwa kijiti, nyuso za maombolezo. Mwenye Vyuma aliwalipia wote. Mjomba wake naye alijichomeka kwenye foleni. Alipoelezwa kwamba yeye ni wa upande wa mama, alinuna, akasema mate ni mate. Akasuguliwa shavu bure, yaishe.

"Na wewe jisugue, Daktari," Shangazi alisema. "Tuone kama haiumi."

Pamba alijisugua kwa madaha. Shangazi akapokea kijiti, akakifunga kwenye leso.

"Nitakutupia."

Vijiti vilivyobaki vilisafiri safari yao yote ya kisayansi hadi pipa la taka la stendi. Baada ya wiki mbili Pamba alirudi na cheti chenye utepe mwekundu. Kilisema kwamba ukoo huu umetokana na mtawala aliyemiliki mito mitatu na watu wake wote. Chini palikuwa na muhuri alioununua mnadani, mali ya zamani ya ofisi moja ya mifugo, wenye kichwa cha ng'ombe katikati.

"Huyu ng'ombe?" Mwenye Vyuma aliuliza.

"Alama ya kimataifa."

Mwenye Vyuma alitokwa na machozi. Alikitundika cheti juu ya droo ya fedha, akampa Daktari bahasha na nyongeza nono. Shangazi aliutazama muhuri ule kwa muda. Mtu aliyeishi na mihuri miaka thelathini haulizi maswali.

"Hongera, mwanangu," alimwambia mpwa wake. Basi.

Asubuhi iliyofuata Pamba alikuwa akifungasha chumbani kwake kwenye nyumba ya wageni, mlango ukagongwa. Shangazi aliingia, akakaa kitandani bila kukaribishwa.

"Muhuri wako ni wa ng'ombe," alisema. "Tulia, sijaja na polisi. Mama yako alikuwa akifanya kazi gani?"

Pamba alikuwa amejiandaa kwa kila swali isipokuwa hilo. "Aliuza vitambaa. Sokoni."

"Na baba?"

Pamba alikunja koti jeupe. "Sikuwahi kumjua."

Shangazi akatoa karatasi. Ilipigwa chapa safi, namba za maabara, sahihi mbili, muhuri wa duara usio na mnyama yeyote.

"Kijiti chako sikukitupa. Nilikipeleka hospitali kubwa pamoja na mate ya mpwa wangu. Soma mwenyewe. Marehemu kaka yangu alikuwa na duka lake la kwanza palepale sokoni."

Pamba alisoma mara mbili. Mstari wa baba ni mmoja, wake na wa Mwenye Vyuma. Mji mzima ulikuwa na mtu mmoja tu aliyejua jinsi cheti cha namna hii kinavyotengenezwa, na mtu huyo aliamini kila herufi.

"Kwa hiyo yule dukani..."

"Ni kaka yako. Na marehemu aliacha nyumba yenye fremu mbili za maduka kwa wanawe wote wa kiume. Nimeshika hati mimi. Ila siwezi kukupeleka mbele ya kaka yako ukiwa umemwibia. Nipe hela yake niirudishe kimyakimya, na ya wakili juu yake. Jumatatu njoo dukani, nitakutambulisha."

Pamba alitoa bahasha. Akatoa akiba ya mkobani. Akapasua pindo la koti jeupe, akatoa na ile ambayo hata yeye alikuwa ameapa kutoigusa. Shangazi alihesabu, akamshika shavu.

"Pua ni ya kaka yangu kabisa," alisema.

Jumatatu Pamba alifika na shati jipya lililonyooshwa, moyo unadunda kama wa bwana harusi. Alikuwa amefanyia mazoezi neno moja njia nzima.

"Kaka," alisema.

"Kaka nani? Karibu, Daktari," Mwenye Vyuma alisema. "Umemkosa Shangazi. Kasafiri jana kwa bintiye, ng'ambo. Kasema harudi."

Pamba alitoka nje, akapiga simu. Iliita muda mrefu.

"Ndiyo, mwanangu," Shangazi aliitikia. Nyuma yake watoto walikuwa wakicheka.

"Hela, Shangazi."

"Duka lile lilijengwa kwa mishahara yangu ya miaka tisa. Kaka aliniambia wewe mwanamke, jina linaishia kwako, huna fungu. Sasa fungu langu nimelichukua, na umenisaidia kulikusanya. Asante."

Pamba alisogea mbali na mlango. Swali la pili lilimtoka kwa sauti ndogo. "Na yale majibu?"

"Kijiti kilikwenda na takataka siku ileile. Nisamehe kwa hilo, si kwa hela."

Simu ikakatika. Mfukoni hakuwa na hata nauli. Lori la saruji lilikuwa limesimama mlangoni na wapakuzi wawili hawakuja, kwa hiyo Pamba akavua shati jipya, akaingia kazini.

Mchana Mwenye Vyuma, amekaa chini ya cheti chake, alimtazama akiyumba na mfuko mmoja begani.

"Hee, Daktari! Wenzio wanabeba miwili miwili. Kwani wewe ni wa ukoo gani?"

"Sijui, mkuu," Pamba alisema, akipita na vumbi lake. "Sijapimwa."