Mfagiaji Anayeendesha Kompyuta kwa Jembe

Ushirika wa Wakausha Sambaza,
Ofisi ya Katibu,
Gisenyi, Rubavu.
Tarehe 30 Oktoba

Kwa Ndugu Karenzi, Mwenyekiti wa Ushirika

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: MFAGIAJI ALIYESIMAMISHWA KAZI NA ANAYEKATAA KUACHA KAZI

Pokea kwanza heshima zangu, pamoja na za kiti changu cha ofisini, ambacho kimekatika mguu mmoja tangu Juni na bado kinanivumilia. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu wewe na mimi tulilelewa Tanzania, wewe Kigoma na mimi Karagwe, na kwa sababu nusu ya wanachama tunaokausha nao hawa dagaa wa sambaza ni akina mama wa Goma, ng'ambo ya mpaka, ambao wangependa kusomewa barua hii bila mkalimani.

Nina malalamiko mazito. Kama unavyokumbuka, tarehe 2 mwezi huu kamati ilimsimamisha kazi Nyiransabimana, mama aliyetufagilia ofisi kwa miaka kumi na moja, kwa kosa la kuitumia kompyuta ya ushirika kwa siri. Alinyang'anywa ufunguo, jina lake likasomwa mbele ya wanachama wote, naye akarudi kwao Nyakiriba kupalilia maharagwe. Sote tulitarajia kompyuta ingepata usingizi siku hiyo hiyo. Haikupata. Ni wazi kwamba Nyiransabimana anaendelea kuitumia hadi leo, na naomba kamati imchukulie hatua.

Kwa ajili ya wale watakaopata nakala bila kuijua kesi, nieleze kidogo. Mwaka jana diski ya kompyuta yetu, ile sahani inayozunguka ndani na kutunza kila tunachoandika, ilikufa pamoja na majina ya wanachama mia mbili. Fundi Jado alituwekea nyingine na kutuonya kwamba diski inayozunguka kutwa kucha bila kupumzika haidumu. Ikiachwa bila kazi dakika ishirini, inatakiwa isimame yenyewe, ilale. Mwezi wa Agosti tukaliingiza jambo hilo kwenye imihigo, zile ahadi za mwaka tunazotia saini kisha tunaulizwa kama tumezitimiza: "Kompyuta italala." Watu tisa walitia saini. Kompyuta peke yake ndiyo haikutia, na ndiyo iliyovunja ahadi.

Badala ya kulala, diski ikawa inasaga, krr, krr, kama mtu anayetafuna mahindi makavu, hata ofisi ikiwa tupu. Raporo ya usingizi wake, yaani ripoti, ikasomwa mbele ya kamati. Raporo ikaonyesha kwamba kompyuta huwa macho saa kumi na mbili asubuhi, wakati ambapo aliyemo ofisini ni Nyiransabimana peke yake, na huwa macho Jumapili baada ya misa, anapokuja kupiga deki. Fundi Jado alikuwa ameshauri tuzime vitu kimoja kimoja mpaka tumpate anayeiamsha. Ulikuwa ushauri mzuri sana. Kamati ikaanza kwa kumzima Nyiransabimana.

Basi malalamiko yangu ni haya.

1. Kwamba anafanya kazi bila idhini. Tangu tarehe 2 ufunguo wake uko kwenye droo yako. Ofisi unaifungua wewe mwenyewe, au mimi ukiwa safarini, saa mbili na kuifunga saa kumi na moja. Hata hivyo diski inasaga asubuhi, inasaga mchana, na Jumapili nilipoweka sikio kwenye dirisha ilikuwa inasaga. Kwa kuwa kamati ilikwisha kuthibitisha kwamba anayeiamsha ni yeye, na kwa kuwa kamati haikosei, imebaki njia moja tu ya kueleza: anaiendesha akiwa Nyakiriba. Nimechunguza ana vifaa gani huko. Ana jembe, ana panga, na ana simu ya vibonyezo ambayo betri yake imefungwa kwa mpira. Kwa vifaa hivyo anaifikia kompyuta iliyofungiwa chumbani mjini, wakati mimi niliyekaa mbele yake intaneti inanikatalia siku tatu kwa wiki. Ni dharau kwa wasomi.

2. Kwamba amesababisha wasio na hatia waadhibiwe. Mwanzoni nilikuwa na imani haba nikadhani huenda mkosaji yumo ndani ya mashine. Nikaizima programu ya kusaka virusi, iliyokuwa ikipekua kila faili kama mama mkwe anayekagua masufuria. Diski ikaendelea. Nikaizima ile inayoorodhesha mafaili yote ili siku ukitafuta kitu ukipate upesi. Mimi nina mafaili arobaini na yote nayajua kwa majina. Ikaendelea. Nikaizima inayouliza hali ya hewa, ilhali dirisha liko wazi na ziwa naliona. Nikachomoa na printa, iliyokuwa ikiomba wino tangu Pasaka. Kila mara nilingoja dakika ishirini, mkono juu ya kasha la kompyuta kama anayempima mtoto homa. Krr. Programu zote zimetoka safi na naziomba radhi hadharani. Kumbe muda wote alikuwa ni yule mama na jembe lake.

3. Kwamba anakuwa mahali pawili kwa wakati mmoja. Jumamosi iliyopita ilikuwa umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi. Kijiji kizima cha kwao kilimwona Nyiransabimana akichimba mfereji kuanzia saa mbili hadi saa tano, na jina lake likawekewa alama kwenye orodha ya waliofika. Saa hizo hizo kompyuta yetu ilikuwa macho. Sijui kama suala hili ni la kamati au la padri.

4. Kwamba sifa zake zinavuka mpaka na ushirika haufaidiki. Juzi Mama Denyse wa Goma, ambaye unamjua kwa kuuliza maswali marefu, alikuja kuchukua sambaza wake akaniuliza kwa upole kama yule fundi wa Nyakiriba anaweza kumfungulia simu ya binti yake iliyosahauliwa namba ya siri. Nilimwuliza fundi gani. Akasema yule mama mliyemfukuza kwa kujua kompyuta sana. Wenzake walicheka, lakini mmoja hakucheka, akaomba nimwelekeze njia.

5. Kwamba kanuni iliyotumika kwake haitumiki kwa wengine. Hapa naomba usome taratibu. Mwanzo kosa lake lilithibitishwa kwa sababu alikuwepo ofisini kompyuta ikiwa macho. Sasa linathibitishwa kwa sababu hayupo. Sina ugomvi na kanuni hiyo, ila lazima iende mbele kwa haki. Wiki ya tarehe 14 wewe ulikuwa kwenye semina ya siku nne katika hoteli ya ufukweni. Hukuwepo ofisini, kama yeye tu, na diski ilisaga siku zote nne. Sikushutumu, naonyesha kanuni inakoelekea. Vilevile yupo marehemu mwanzilishi wetu, ambaye picha yake imetundikwa juu ya meza ya kompyuta. Huyu hajakanyaga ofisini miaka sita, kwa hiyo ushahidi dhidi yake ni mkubwa kuliko wa mtu yeyote. Napendekeza asimamishwe, na picha yake igeuziwe ukutani hadi uchunguzi ukamilike.

Kutokana na hayo yote, naona aibu kwamba ushirika una mtaalamu wa kiwango hiki na tumekuwa tukimpa ufagio. Naomba kamati imteue Nyiransabimana kuwa Mkurugenzi wa Teknolojia, apewe meza yako, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na soketi, na Jado awe msaidizi wake na kumbebea begi. Nyakiriba patambuliwe kama tawi letu la kompyuta. Jembe lake liandikwe katika orodha ya mali za ofisi.

Na kama kamati itaona maombi hayo ni ya kijinga, basi nitashukuru, kwa sababu mimi pia naona hivyo. Nina hasira, Ndugu Mwenyekiti, na sioni sababu ya kuifunika kwa adabu hadi mwisho wa karatasi. Nyiransabimana ana miaka hamsini na minane. Hajui kuwasha kompyuta. Kwa miaka kumi na moja aliifuta vumbi kwa kitambaa kikavu, bila kugusa kitufe hata kimoja, kwa kuogopa kuiharibu. Nimeambiwa kwamba kanisani kwao wanampisha kwenye benchi wakidhani wanamheshimu, kumbe wanamkwepa, na kwamba mjukuu wake aliulizwa shuleni bibi yake aliiba nini. Mtoto hakuwa na jibu kwa sababu na sisi hatuna. Tulimchukua mtu asiye na wa kumsemea tukambandika kosa la mashine, kisha tukarudi kunywa chai. Narudia: mashine bado inasaga.

Kwa hiyo ama apewe ukurugenzi au arudishiwe ufunguo wake na jina lake. Mimi nitaridhika na lolote kati ya hayo mawili. Kama ushahidi naambatanisha raporo ya usingizi ya mwezi huu wa Oktoba, mistari elfu nane na kitu, kila mstari neno moja: HAIJALALA. Naomba isomwe yote kwenye kamati, bila kurukwa, na wajumbe wasilale kabla yake.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako na watoto, wasalimie wajumbe wote wa kamati kila mmoja kwa cheo chake, msalimie mhazini na mguu wake unaouma, na yule mbuzi wenu mliyemhangaikia wiki iliyopita, nimesikia anakula.

Wako mtiifu hadi nitakaposimamishwa,

Habumugisha Egide,
Katibu

Nakala: Wajumbe wa kamati, akina mama wa Goma, kupitia kwa Mama Denyse, ubao wa matangazo.

Nyongeza. Maneno haya nayaandika kwa kalamu kwa sababu kompyuta imelala, na sina moyo wa kuiamsha.

Baada ya kuichapisha barua na kuigonga mhuri, nilitaka kuchapisha na ile raporo. Faili likakataa kufunguka, likisema linatumika. Nilijua linatumiwa na nini. Ni programu ndogo niliyoitengeneza mwenyewe mwezi wa Agosti, wiki ile tuliyotia saini, ili uone kwamba katibu wako ni mtu wa kisasa. Kila dakika tano programu hiyo huiuliza diski kama imelala, halafu huandika jibu kwenye diski ile ile. Nikaizima ili nichapishe. Kabla ya kuchapisha nikatoka kunywa chai, na niliporudi ofisi ilikuwa kimya. Nilikaa nikasikia pikipiki barabarani na wanawake wakigeuza samaki kwenye vichanja. Sauti hizo sikuwa nimezisikia humo ndani tangu Agosti.

Katika barua nimeandika kwamba raporo ilisomwa, kana kwamba ilijiandika. Niliiandika mimi. Nilipiga mstari mwekundu chini ya saa kumi na mbili asubuhi, na ulipouliza ni nani huwa ofisini saa hiyo, mimi ndiye niliyetaja jina. Wewe ulinung'unika kwamba tungoje kidogo. Nikasema namba hazidanganyi. Ninaandika haya huku nikiona haya hata mbele ya karatasi.

Nilikodi pikipiki hadi Nyakiriba nikamkuta shambani. Unajua aliwahi kuuza nyanya Goma miaka mingi, na Kiswahili chake ni cha kule. Nilimweleza kila kitu, kwa urefu kuliko ilivyohitajika, habari za diski na dakika tano na mistari elfu nane. Hakuacha kupalilia. Nilipomaliza alisema: "Mutoto akilala, kila saa unamugusa, 'we, umelala?' Sasa atalala saa ngapi?"

Nikamwahidi kwamba nitakuomba ufunguo wake leo hii na kumletea. Hapo akanyoosha mgongo akanitazama. Akasema: "Ufunguo iache kwanza. Jina yangu mulisoma mbele ya batu bote. Rudia pale pale, mbele yabo, useme ni we."

Kwa hiyo malalamiko namba moja hadi namba tano nayaondoa, na hasira yangu yote naomba uisome upya ukiweka jina langu mahali palipo na lako. Barua nakuletea kama ilivyo, ili uone mtu mwenye kosa anavyoweza kuandika vizuri. Ninaomba jambo moja tu. Mkutano mkuu wa Jumamosi ya wiki ijayo, niweke wa kwanza kwenye ajenda, kabla akina mama wa Goma hawajaanza kuondoka kuwahi mpaka usije ukafungwa. Nyiransabimana amekubali kuja kukaa mbele. Nitaisoma ile raporo tena kwa sauti, na safari hii nitaanza na jina la aliyeiandika.