Kontena Apunguza Mizigo

Habari ilitoka kwenye redio ya Kemigisha wakati anatumiminia kahawa ya kwanza. Basi la Dar es Salaam linalotokea Murongo, kuanzia asubuhi hiyo, litachukua begi moja kwa kila abiria. Kitakachozidi kitabaki kituoni.

Kijiwe chetu cha Nkwenda kiko hapo hapo kituoni, mabenchi mawili na jiko la mkaa, kwa hiyo mambo ya basi yanatugusa hata sisi tusiosafiri.

"Wametutangazia vita," alisema Jovin. Huyu ananunua kahawa na maharage, na tunamwita Mizani kwa sababu mizani yake ya kuning'iniza haimtoki begani. "Mtu wa Kyerwa na begi moja. Si waseme tu tusitoke tena?"

"Mimi hainihusu," alisema Twinomujuni mfugaji, ambaye jina lake la kijiweni ni Fimbo. "Nilikwenda Mwanza kwa ndugu zangu na fimbo na sweta. Nikarudi na fimbo na sweta."

"Uliwapelekea nini?"

"Salamu."

"Wakakupokeaje?"

Fimbo alikunywa kahawa kwanza. "Walinisalimia."

Kemigisha alicheka mpaka akaweka birika chini. "Mzee Fimbo, kumbe ndiyo maana ulirudi kesho yake."

"Nilirudi kwa ng'ombe wangu. Wewe mama, mzigo wetu wafugaji una miguu. Nyie wakulima ndio mnaobeba shamba kichwani."

Hatujamaliza hilo, tukaona mkungu wa ndizi unakuja barabarani wenyewe, chini yake viatu viwili. Ulipokaribia tukaona na baiskeli, halafu Telesfori wa Kamuli anaisukuma. Kijiweni anaitwa Kontena. Binti yake Uwimbabazi amejifungua mtoto wa kwanza huko Dar, na ubatizo ni Jumapili. Harusi ya binti huyo Kontena hakuifika. Basi lilimwacha pale pale kituoni akibishana na kondakta kuhusu kinu, na bi harusi akasindikizwa na mjomba. Safari hii binti alimwambia kwenye simu: baba, ukikosa na ubatizo, usinipigie tena.

"Kontena, umesikia redio?" aliuliza Mizani.

"Nitasikiaje? Nimeipakia. Imo humu kwenye gunia."

Tukamweleza habari ya begi moja. Alishika usukani wa baiskeli kama mtu aliyeambiwa achague mtoto mmoja kati ya watoto wake.

"Shusha tuone," alisema Mizani. "Tutakusaidia. Hizi kuni za nini? Dar hawapiki?"

"Wanapikia gesi. Ndizi ya Kamuli ukiipikia gesi inaiva nje tu. Ndani inabaki inakuangalia."

"Na hili dumu?"

"Maji. Ya kule yana chumvi."

Mizani akaingiza mkono kwenye kikapu akatoa jiwe, akatoa la pili, akatoa la tatu. "Na haya?"

"Mafiga. Ulitaka kuni niziwashe juu ya kochi la mkwe?"

"Dar hakuna mawe?"

"Yapo, ila hayajazoea. Yatapasuka mbele ya wageni."

"Na mfuko huu wa udongo?"

"Wa kutandaza chini ya mafiga. Nyumba ya mkwe ina vigae."

Fimbo akasimama. Alikuwa anautazama mzigo kama anavyomtazama ng'ombe asiyekula. "Nimeuona ugonjwa. Udongo umekuja kwa ajili ya mafiga. Mafiga kwa ajili ya kuni, kuni na maji kwa ajili ya ndizi. Toa ndizi, vyote hivi vinakosa kazi."

"Nikamwone mzazi bila ndizi?" aliuliza Kontena.

Kwetu mwanamke akijifungua anapelekewa ndizi, na hata Fimbo, pamoja na salamu zake za Mwanza, akaketi tena.

"Mzee, kwanza shikamoo," alisema Kemigisha, "maana tumekuvamia bila salamu. Siku ile ya harusi ndizi zako zilikwenda wapi?"

"Nilirudi nazo. Nikazila mwenyewe, asubuhi na jioni, mpaka nikaanza kuongea nazo."

"Na binti alikula nini?"

"Wali."

"Akafa?"

"Hakufa. Akaninunia."

"Basi hakununa kwa sababu ya ndizi. Panda gari, mzee."

Kontena akakaa chini. Alitazama viganja vyake. "Nikifika mtupu," alisema, "atajuaje kama ni mimi?"

Mizani akajikohoza, akasema basi twende pole pole, tufunge begi moja la kiume, abebe nguo zake na roho yake. Ndizi, kuni, dumu, mafiga, udongo, vyote vikawekwa kando ya jiko. Redio ikatolewa kwenye gunia, na Kemigisha akamhurumia akasema atamtunzia. Likabaki begi la bluu. Mizani akalitundika kwenye ndoano ya mizani yake, na kwa ajili ya uhakika akachungulia ndani.

"Hiki kitenge cha nani?"

"Cha marehemu Katusiime," alisema Kontena. Katusiime ni mkewe, tulimzika mwaka juzi. "Alikiweka. Alisema ndicho kitakachombeba mjukuu mgongoni."

Mizani akakitoa. Akakikunja vizuri kuliko kilivyokuwa, akakiweka begani kwa Kontena. "Hiki hakipimwi," alisema, akageukia mizani. "Haya. Begi limekuwa jepesi kama la mwanafunzi mtoro. Kontena, una nafasi."

Neno hilo ndilo lililoharibu.

"Kama ana nafasi," alisema Mizani mwenyewe, "kuna kahawa kidogo ya kaka yangu yuko Mbagala." Kidogo chake kilikuwa nusu ya begi.

"Na chupa ya samli ya mwanangu," alisema Fimbo.

"Wewe si ulisema hubebi kitu?"

"Sibebi. Anabeba yeye."

Kemigisha akaleta senene, panzi wa kukaanga, kwenye ndoo ya rangi, wa dada yake. Fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara hakuwa amealikwa, lakini alisikia neno nafasi, akaja na jembe lisilo na mpini. Begi likagoma kufungwa. Mizani akatoa shati, akatoa suruali, akatoa shati la pili.

"Utavaa ulizovaa," alimwambia Kontena. "Unakwenda kubatiza, hubatizwi wewe."

Zipu ilipofungwa, ndani hakukuwa na kitu cha Kontena hata kimoja. Basi likaingia.

Kondakta alilinyanyua begi kwa mkono mmoja, likakataa. Akatumia miwili. "Mzee, humu una nini?"

"Sijui vizuri," alisema Kontena.

"Begi lako hulijui?"

"Begi ni langu. Vitu ni vya kijiwe."

"Mimi nabeba abiria. Kijiwe hakina tiketi. Fungua."

"Tangazo limesema begi moja," alidakia Mizani. "Hilo ni moja. Hesabu."

"Halikusema begi la chuma," alisema kondakta.

Fimbo naye akainuka na fimbo yake, Kemigisha akashika ndoo yake kupitia kwenye turubai la begi. Dereva akapiga honi. Kontena ameshika mkanda mmoja, kondakta mwingine, na Kontena ameanza kubishana vile vile kama siku ya kinu. Abiria wakatoa vichwa madirishani. Basi likaanza kusogea kidogo kidogo.

Kontena akaachia.

Alipanda ngazi akiwa na kitenge begani. "Kontena, mzigo wetu," aliita Mizani. Hakugeuka. Tulimwona dirishani hajui mikono aiweke wapi. Aliiweka kichwani, akaiweka mapajani, mwishowe akaitoa yote miwili nje akatupungia. Basi likapinda kona.

Tukabaki na begi, ndizi, kuni, dumu, mafiga na udongo.

"Nani anakwenda Dar wiki ijayo?" aliuliza Mizani.

Kemigisha akakumbuka maziwa yaliyoko motoni, na hakuna maziwa aliyokuwa amebandika. Fimbo akamsikia ng'ombe wake analia, akamsikia peke yake. Fundi wa baiskeli alikuwa ameshalichomoa jembe lake na kuvuka barabara. Macho yakanigeukia mimi.

"Naenda Kiruruma tu," nilisema. "Tunamzika shangazi yangu leo mchana."

"Na umebeba nini?"

"Sikubeba kitu."

Mizani akatazama kando ya jiko. "Msibani wanataka kuni," alisema taratibu.

"Na maji," alisema Kemigisha, ambaye maziwa yake yalikuwa yamepoa ghafla.

"Na mafiga," alisema Fimbo. "Watu watakuwa wengi."

Ndizi hakuna aliyezitaja. Walikuwa wameshaanza kuzifunga.

Sikubisha. Dereva wa bodaboda alipofika aliuzunguka mzigo mara mbili, akanivuta pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nahama kwa hiari au mke amenifukuza.