Mlango Unaotazama Bomba

Kwa Msimamizi wa Nyumba,
Ofisi ya Kambi.

Ndugu Msimamizi,

Natumaini umeamka salama na ofisi yako haijavuja. Jumanne karani wako, Tuyizere, aliniletea karatasi ya kupima jinsi tulivyoridhika na nyumba mpya za matofali. Ina nyuso tatu: unaocheka, ulionyamaza na unaolia. Akaniambia, "Mzee, weka alama kwenye unaocheka. Hizo nyingine zinataka maelezo." Kwa kuwa sipendi kumchosha, maelezo nayaandika mwenyewe.

1. Paa linavuja mahali pamoja tu, juu ya kitanda. Hema letu lilivuja kila mahali, tukawa hatujui ndoo tuiweke wapi. Haya ni maendeleo.

2. Dirisha ni kubwa kama sahani. Tuyizere anasema linazuia wezi. Limezuia na hewa, ingawa hewa haijawahi kutuibia.

3. Nyumba imejengwa ya watu wawili. Mke wangu, Révérienne, alifariki wiki tatu kabla sijakabidhiwa ufunguo. Nilipoeleza hivyo, Tuyizere alifikiri kidogo, akasema, "Basi Mzee umepata nafasi kuliko majirani wote." Naomba nafasi hiyo muichukue. Ikishindikana, mnirudishie aliyepaswa kuikalia.

4. Hili la mwisho ndilo lililonifanya niazime kalamu. Tangu tukimbie kwetu na kuteremka mtumbwini pale ufukweni Katonga, kila tulipowekwa Révérienne aliuliza kwanza, "Kwetu ni upande gani?" Kisha aligeuza mkeka, akakaa anatazama huko, akichambua maharage. Nilimwahidi kwamba nyumba ikijengwa, mlango utatazama Burundi. Alipozidiwa sikuondoka kando yake; nilipotoka kumzika nikaukuta mlango unatazama bomba la maji. Nikifungua naona foleni ya ndoo na akina mama wanaogombana.

Kwa hiyo sitaingia wala kusaini hadi ahadi yangu itimie. Naomba nyumba ibomolewe na mlango uwekwe upande wa pili. Kama hiyo ni gharama, igeuzeni kambi nzima. Kama nayo ni kazi kubwa, basi ihamishieni Burundi upande wa bomba. Mmeshatuhamisha sisi maelfu, na vyungu vyetu. Nchi moja isiyo na mizigo haitawashinda.

Nabaki hemani nikisubiri wabomoaji. Wasalimie wote hapo ofisini, na yule mlinzi wa geti aliyetuazima benchi siku ya mazishi. Mwambie limepona mguu uliovunjika, nitalirudisha.

Ni mimi mpangaji wako asiyeingia,
Ntakarutimana

Nyongeza: Kabla sijaileta barua hii nilimwendea fundi Dismasi, aliyeijenga nyumba, nimlaumu na yeye. Akaweka mwiko chini. Akasema mlango ule haukukosewa. Révérienne alikuja mwenyewe siku ya msingi, akiwa tayari anaumwa, akamwambia augeuze. "Nilimuuliza, 'Mama, si ulitaka uone kwenu?' Akasema, 'Huko kwetu nimetazama miaka mingi, hakuna anayetoka huko. Mzee wangu anashona viatu pale bombani. Nataka nimwone akifunga vyombo vyake vya kazi, ndipo nisonge ugali.'"

Msibomoe. Tuyizere aje na karatasi yake asubuhi, ila atanikuta bombani. Kuhusu nyuso, anisaidie kuchagua, maana hizo tatu hazitoshi.