Hindi Ndani ya Sweta

Jumatano, saa nne asubuhi, ndipo aibu yangu ilipoanza. Kufikia mchana ilikuwa imeshafika Cheptiret, na mimi sijatoka nyumbani. Ninayaandika haya kwa ajili yenu wa bwenini. Mtayasikia tu, kwa hiyo afadhali myapate kwangu.

Mnajua tunakaa kwenye shamba la Mkaburu, ukitoka Eldoret kuelekea Cheptiret. Wafanyakazi humwita Ndevu (yeye hajui). Baba ni nyapara wake. Mwaka huu trekta ya Ndevu iliharibika wakati wa kupanda. Akangoja spea. Mvua haikumngojea. Sasa ni Agosti na mahindi yake yananifikia magotini, ya manjano kama mgonjwa wa nyongo.

Lakini serikali ina mpango na wazungu wenye mashamba. Wapande mahindi, na yakiharibika inawalipa kwa kila eka waliyopanda, mradi Bwana Shamba aje aone kwa macho yake kwamba hakuna cha kuvuna. Sisi hatumo katika mpango huo. Baba husema, "Mahindi ya mzungu yakifa, serikali inakuja matanga. Yetu yakifa tunazika wenyewe."

Mama naye ana kipande chake nyuma ya boma la ng'ombe. Alipanda kwa jembe mvua ya kwanza ilipogusa udongo, juu ya samadi. Yake yamempita Baba kwa urefu. Hayo ndiyo karo yangu ya muhula ujao. Hakuna nyingine.

Shida ni kwamba Ndevu aliiambia serikali kuwa shamba lote, hata kile kipande cha Mama, amelipanda yeye, na lote limekufa. Jumanne jioni alikuja mlangoni kwetu na kile Kiswahili chake.

"Nyapara, sikia. Kesho Bwana Shamba nakuja. Yeye hapana ona mahindi ya bibi yako. Kama naona, mimi natia ng'ombe ndani. Nakula yote."

"Ndiyo, Bwana," Baba akasema.

Alipoondoka Baba akatupa amri. Mtu asitaje mahindi. Mtu asipite nyuma ya boma. Mimi nikaitikia kwa kichwa kama mtoto mwema.

Asubuhi nikapita nyuma ya boma. (Njaa haikuwepo amri ilipotolewa.) Nikavunja hindi moja tu, nikalichoma jikoni. Wageni walitarajiwa mchana, Mama alikuwa ameenda mtoni, Baba yuko kwenye zizi. Nikahesabu kwamba nina wakati.

Hindi lilikuwa ndiyo kwanza limeiva niliposikia gari nje. Nikachungulia. Mzungu kijana, ndiye Bwana Shamba, masikio mekundu kwa jua, na nyuma yake mzee amebeba mnyororo wa kupimia mashamba. Baba na Ndevu walikuwa wanawajia mbiombio kutoka zizini.

Sasa, nyinyi mliozaliwa Maragoli kama mimi mtanielewa, na wengine nitawaeleza. Kwetu mgeni akikukuta unakula, chakula hicho ni chake. Huwezi kukiweka kando ukasema karibu. Utampa, hata kama ni tonge la mwisho. Na hili halikuwa hindi la kumpa mgeni huyu. Kulitupa motoni sikuweza, ni dhambi. Kwa hiyo nikalitia ndani ya sweta ya shule, nikalibana kwa mshipi, nikatoka nje kusalimia.

Nilidhani nitasalimia na kurudi jikoni. Lakini Bwana Shamba ni mgeni nchini, Kiswahili hana, na Baba akaona nafasi ya kujivuna.

"Huyu binti yangu yuko sekondari," akamwambia yule mzee wa mnyororo. "Kiingereza anakijua chote. Atatufasiria."

(Mnanijua. Mwalimu akiniuliza jina langu huwa naangalia dirisha.)

"Mwite aje hapa katikati, tumsikie," mzee akasema. Jina lake ni Mzee Ezekia. Nikaja katikati. Hindi likaanza kunichoma tumboni. Kwanza pole pole, kama chai. Baadaye kama pasi.

"Una nini, mbona unajikunja?" Baba akaninong'oneza.

"Tumbo, Baba."

"Livumilie. Serikali haina siku nzima."

Bwana Shamba akaniambia nimwulize Baba kama katika shamba hili kuna mahindi yoyote ya kuvuna. Ndevu alikuwa amesimama nyuma yake, anamtazama Baba bila kupepesa. Baba akanyoosha mgongo.

"Mwambie hakuna. Hakuna hata hindi moja."

Nikamwambia, kwa sauti ya mbu. Bwana Shamba akainamisha sikio.

"Hajasikia," Mzee Ezekia akasema. "Sema kwa nguvu, binti. Sekondari hamli?"

Basi nikavuta pumzi. Nikainua mabega. Sweta ikapanda, na hindi likashuka. Nikatangaza kwa Kiingereza safi, kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa hata kanisani, kwamba hapa hakuna hata hindi moja, na wakati huohuo hindi likaanguka, likabingirika, likasimama kwenye kiatu cha Bwana Shamba. Lilikuwa bado linatoa moshi.

Wa kwanza kulikimbilia alikuwa kuku wetu.

Hapo ndipo Mama alipotokea na mtungi kichwani. Akamwangalia mgeni, akaliangalia hindi, akaniangalia mimi.

"Rispa. Yaani mgeni amesimama hapa, na wewe unakula peke yako?"

Akatua mtungi. Akamfukuza kuku, akaokota hindi, akalifuta kwa leso. Akalivunja vipande viwili. Kipande kimoja akampa Bwana Shamba kwa mikono yote miwili, cha pili akampa Mzee Ezekia. Baba akafumba macho.

Bwana Shamba akaonja. Akaonja tena. Mzee Ezekia yeye hakuonja, alikula kabisa, mpaka alipobaki na gunzi ndipo akauliza:

"Mama, haya ndiyo yale yaliyokufa?"

"Yaliyokufa ni ya Ndevu," Mama akasema. "Haya ni yangu."

Ndevu akazishika ndevu zake. Sasa anajua.

Tukaenda wote nyuma ya boma, mimi mbele, nikifasiri. Bwana Shamba akaingia ndani ya mahindi ya Mama, tukabaki tunaona kofia tu. Mzee Ezekia akapima, na kipande chote kikatolewa katika eka za Ndevu. Zilizobaki atalipwa, maana zile zimekufa kweli. Ndevu alikuwa ameanza kuangalia upande wa ng'ombe wake. Na mimi nikaanza kuifikiria karo.

Ndipo Bwana Shamba akaniambia niwafasirie wazazi wangu. Anataka kujua kipande hiki kitatoa magunia mangapi. Atarudi siku ya kuvuna ahesabu mwenyewe, na akute kila shina limesimama. Ndevu alisikia kwa Kiingereza kabla sijafungua mdomo. Akaacha kuangalia ng'ombe.

"Mwambie akija nitamchomea lingine," Mama akasema.

Gari lilipoondoka Baba akamgeukia. "Mama Rispa, si nilitoa amri?"

"Niliisikia. Lakini mgeni alikuwa ameshaliona."

Baba akarudi zizini.

Jioni nilipoenda dukani watoto wote wa laini ya nyumba za wafanyakazi walikuwa wamevimbisha mashati. "Dada Rispa, leo umebeba ngapi?" Nilirudi bila chumvi. Tumboni nina alama nyekundu yenye mistari, punje kwa punje. Sitamwonyesha mtu, msiombe.

Alhamisi asubuhi. Mpishi wa Ndevu amekuja kwetu, anaona haya kuliko mimi. Memsahibu, mke wa Ndevu, anaomba mahindi machache ya kuchoma, "yale ya serikali". Mama amenituma mimi. Nimeyavunja, nimeyapanga ndani ya kikapu, nimekitia kichwani na kuyapeleka kwa njia kubwa, mchana kweupe, mikono ikining'inia na sweta nimeiacha nyumbani.

Msinicheke. Nitakuja shuleni na mahindi ya Mama, na mkicheka nitahakikisha nimemaliza kula kabla hamjanikuta.